C. V. Raman: Maisha ya Mchunguzi wa Nuru Ndani ya Viowevu

Katika Bewa Kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi kuna sanamu ya Mahatma Gandhi ambayo wanafunzi huipita kila siku pasi na kuitazama. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1956, taasisi ilipokuwa ingali Royal Technical College of East Africa, na aliyeizindua ni Dkt. Sarvepalli Radhakrishnan, mwanafalsafa aliyekuwa Makamu wa Rais wa India. Miaka miwili kabla ya safari hiyo ya Nairobi, yaani mwaka 1954, India ilikuwa imetoa kwa mara ya kwanza nishani yake ya juu kabisa, Bharat Ratna. Waliotunukiwa walikuwa watatu: mwanasiasa C. Rajagopalachari, Radhakrishnan mwenyewe, na mwanafizikia Chandrasekhara Venkata Raman, ambaye katika miaka ya 1920 alifundisha pamoja na Radhakrishnan katika Chuo Kikuu cha Calcutta. Huyo wa tatu ndiye mhusika wa makala haya.

Anayetoka Bewa Kuu akavuka Uhuru Highway, chini ya ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, na kushika njia ya Westlands, hufika Bewa la Chiromo baada ya mwendo mfupi. Hapo, katika maabara za fizikia, jina la Raman hutajwa mara nyingi kuliko jina la Gandhi. Hutajwa, hata hivyo, kama jina la mbinu au la chombo. Sampuli ya damu hupimwa kwa Raman. Mtafiti husubiri zamu yake ya kutumia Raman. Wanaisimu wanaelewa vyema mchakato huu: jina la mtu likishageuka kuwa nomino ya kawaida, mtu mwenyewe huanza kufutika. Kwa Raman hasara ni maradufu, kwa sababu nyuma ya jina hilo moja wamefunikwa pia watu wengine waliolibeba.

Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 karibu na mji wa Tiruchirappalli, kusini mwa India, katika familia ya Wabrahmani wazungumzao Kitamil. Baba yake, Chandrasekhara Iyer, alikuwa mwalimu. Mnamo 1892 alihamia na familia yake Visakhapatnam, mji wa pwani ya Ghuba ya Bengal, alikopata kazi ya kufundisha hisabati na fizikia. Nyumba yao haikuwa na mali ya kujivunia, lakini ilikuwa na vitabu na fidla, na mtoto alikua baina ya vitu hivyo viwili na bahari. Akiwa na umri wa miaka 11 tayari alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia chuoni. Mnamo 1904 alihitimu shahada ya kwanza katika Presidency College ya Madras akiongoza darasa, na mwaka 1907 akapata shahada ya uzamili. Katikati ya masomo hayo, mwezi Novemba 1906, jarida la Philosophical Magazine la London lilichapisha makala yake kuhusu jinsi nuru inavyojipinda ipitapo katika upenyo mwembamba. Mwandishi alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 18, na hakuna profesa aliyetia jina lake kando ya la kijana huyo.

Njia ya kawaida ya kijana wa namna hiyo ilikuwa kwenda Uingereza. Raman alishauriwa kufanya hivyo, lakini daktari wa serikali aliyempima Madras aliamua kuwa mwili wake dhaifu usingestahimili baridi ya huko. Basi alibaki. Nchini India, wakati ule, Mhindi aliyesoma sayansi hakuwa na mlango wa utafiti wa kubisha. Palikuwa na ualimu mdogo na palikuwa na ukarani mkubwa. Alifanya mtihani wa utumishi katika Idara ya Fedha, akawa wa kwanza, na katikati ya 1907 akaripoti Calcutta kama Msaidizi wa Mhasibu Mkuu. Alikwenda na mkewe Lokasundari, waliyeoana mwaka huohuo. Inasimuliwa kwamba kilichomvuta kwake ni kumsikia akipiga veena, ala ya nyuzi ya kusini mwa India.

Hapo ndipo maisha ya Raman yangeweza kuishia katika vitabu vya hesabu za dola. Kilichoyageuza ni kibao alichokiona akiwa ndani ya tramu: Indian Association for the Cultivation of Science, nambari 210, Bow Bazar Street. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1876 na daktari Mahendralal Sircar, aliyeamini kwamba Wahindi wanapaswa kuwa na maabara yao wenyewe, isiyotegemea hisani ya watawala. Sircar alifariki mwaka 1904 akiwa na masikitiko kwamba watafiti aliowatarajia hawakuja. Jengo lilikuwapo na vyombo vilikuwapo, ila vilikuwa vimefunikwa na vumbi. Kijana wa Idara ya Fedha alipobisha, alifunguliwa na msaidizi aliyeitwa Ashutosh Dey. Kwa takriban robo karne iliyofuata, Dey aliendelea kumfungulia, kumwandalia vyombo na kushiriki majaribio yake. Raman aliingia maabara alfajiri, akarudi nyumbani kuoga na kula, akaenda ofisini, kisha jioni akarejea maabara hadi usiku. Alihamishiwa Rangoon mwaka 1909 na Nagpur mwaka 1910, lakini mwaka 1911 alirudishwa Calcutta, na ratiba ikaendelea palepale ilipoachwa.

Utafiti wake wa miaka hiyo ulihusu sauti zaidi kuliko nuru. Alichunguza fidla, veena na tambura, na juu ya yote ngoma za Kihindi. Ngozi ya ngoma ya kawaida hutoa mchanganyiko wa sauti zisizopatana kimuziki. Mwaka 1920, pamoja na Sivakali Kumar, alieleza kwa nini tabla na mridangam si hivyo: ile duara nyeusi ya mchanganyiko mzito inayopakwa juu ya ngozi hubadilisha mitetemo yake hata sauti zikapatana kama za uzi wa zeze. Wapenzi wa taarab ya Mombasa yenye mahadhi ya Kihindi wanaijua sauti hiyo, na katika kumbi za Parklands na Ngara haijawahi kunyamaza. Jambo la kuzingatia ni kwamba Raman hakuanza na swali lililoulizwa Ulaya. Alianza na ngoma iliyokuwa mbele ya masikio yake.

Mwaka 1917 ulimlazimisha kuchagua. Sir Asutosh Mukherjee, aliyekuwa akiijenga upya Calcutta University, alimpa kiti cha Profesa wa Palit katika fizikia. Mshahara ulikuwa takriban nusu ya aliokuwa akiupata serikalini, na cheo cha serikali kilikuwa na uhakika ambao uprofesa haukuwa nao. Aidha, wakfu wa kiti hicho ulidai kwamba mwenye nafasi awe amepata mafunzo ng'ambo. Raman alikubali mshahara mdogo, akalikataa sharti la ng'ambo. Hakuona kwa nini aende kufundwa kazi ambayo alikuwa akiifanya. Sharti liliondolewa. Wapo waliouita msimamo huo kiburi, na hawakukosea kabisa, kwani kiburi hichohicho kilikuja kumgharimu baadaye. Lakini bila hicho asingeondoka katika Idara ya Fedha.

Safari yake ya kwanza ya kwenda Ulaya ilikuwa mwaka 1921, alipokwenda Oxford kuhudhuria kongamano la vyuo vikuu vya dola ya Kiingereza. Alisafiri kwa meli kupitia Mfereji wa Suez, na kilichomshika hakikuwa Oxford bali rangi ya maji ya Mediteranea. Kwa nini bahari ni buluu? Lord Rayleigh, mwanafizikia aliyeheshimiwa kuliko wengi wa zama zake, alikuwa amekwisha kueleza kwa nini anga ni buluu: molekuli za hewa huitawanya nuru ya buluu zaidi kuliko nyekundu. Kuhusu bahari, Rayleigh aliona kwamba hakuna la ziada. Bahari huakisi anga tu. Hapa lugha ya Kiswahili yaelekea kumuunga mkono Rayleigh, maana moja ya majina yetu ya rangi hiyo ni samawati, yaani ya mbinguni, nayo hutumiwa kwa maji na kwa kitambaa vilevile.

Raman alikuwa na kipande kidogo cha fuwele kiitwacho prizimu ya Nicol, ambacho huweza kuzima nuru iliyoakisiwa kutoka juu ya maji mtazamaji akisimama katika pembe mwafaka. Alikielekeza baharini kutoka sitahani. Mwakisiko wa anga ulizimika. Buluu haikuzimika, bali ilizidi kukolea. Bahari, basi, haikuwa imeazima rangi yake mbinguni. Molekuli za maji zenyewe zilikuwa zikiitawanya nuru. Meli ya kurudi, Narkunda, ilipofika Bombay mwezi Septemba 1921, Raman aliliandikia jarida la Nature kutoka bandarini.

Waandishi wengi husimulia kisa hiki cha bahari kana kwamba ugunduzi mkubwa ulitokea siku ile sitahani. Haukutokea. Kilichotokea ni kupatikana kwa swali, na jibu lake lilichukua miaka saba ya kazi ya kuchosha: kiowevu baada ya kiowevu, vikisafishwa mara nyingi hadi kusibaki hata chembe ya vumbi, kisha vikimulikwa na kutazamwa kutoka ubavuni. Katika kazi hiyo Raman hakuwa peke yake. Mnamo 1923 mwanafunzi wake K. R. Ramanathan aliona ndani ya maji nuru hafifu ambayo haikuwa na rangi ya nuru iliyoingizwa. Walidhani ni uchafu uliosalia. Walisafisha tena na tena, nuru haikuondoka. Mapema mwaka 1928 S. Venkateswaran aliona nuru ya namna hiyo katika gliserini, ikiwa na tabia ambazo uchafu hauwezi kuwa nazo. Wakati huo habari zilikuwa zimefika kwamba Arthur Compton, Mmarekani, alikuwa ametuzwa Tuzo ya Nobel ya 1927 kwa kuonyesha kuwa miale ya eksirei hupoteza nishati igonganapo na elektroni. Raman alijiuliza: ikiwa eksirei hufanya hivyo, kwa nini nuru ya kawaida isifanye igonganapo na molekuli? Alimwomba K. S. Krishnan, kijana hodari kuliko wote waliokuwa naye, aache nadharia kwa muda na kurudi kwenye majaribio.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi hata mtu aweza kuona haya kuliita jaribio. Nuru ya jua ilipitishwa katika kichujio kinachoruhusu buluu na zambarau tu, ikaingia katika chupa ya kiowevu. Mbele ya jicho la mtazamaji kiliwekwa kichujio cha pili, cha kijani, kinachozuia kila kitu ambacho kile cha kwanza kimeruhusu. Endapo nuru ingetoka kama ilivyoingia, mtazamaji angeona giza tupu. Hawakuona giza. Palikuwa na mng'ao hafifu, na waliuona katika viowevu takriban 60. Tarehe 28 Februari 1928 Raman aliutazama mng'ao huo kwa spektroskopi ndogo ya mkononi, akaona kwamba ni rangi mpya iliyotengana waziwazi na rangi iliyoingizwa. Kisha jua likaachwa, ikatumiwa taa ya zebaki, ambayo hutoa mistari michache ya rangi iliyo dhahiri, na kando ya kila mstari mistari mingine ikajitokeza.

Maelezo yake ni haya. Molekuli haikai kimya. Hutetema, na kila aina ya molekuli ina mitetemo yake. Nuru inapoigonga, mara nyingi hutoka kama ilivyokuja. Lakini mara moja moja, na hukadiriwa kuwa mara moja katika milioni kumi hivi, huiachia molekuli sehemu ya nishati yake kiasi cha kuifanya itetemeke, nayo hutoka ikiwa imepungua nishati, yaani ikiwa imesogea kuelekea rangi nyekundu. Mtetemo mkuu wa molekuli ya benzini hurudia takriban mara trilioni 30 kwa sekunde. Kwa hiyo mstari wa buluu wa zebaki wenye wimbi la nanomita 436 ukiingia katika benzini, kando yake huonekana mstari wa nanomita 455 au 456. Katika kiowevu kingine umbali huo huwa tofauti. Nuru hutoka imebeba alama ya kitu ilichokutana nacho, na anayejua kuisoma alama hukitambua kitu bila kukigusa. Hii ndiyo sababu mbinu hiyo ipo Chiromo leo.

Habari zilitolewa kwa magazeti kesho yake. Tarehe 16 Machi Raman alitoa mhadhara Bangalore, na tarehe 31 Machi 1928 Nature ilichapisha taarifa yenye majina mawili: Raman na Krishnan. Hapa ndipo suala la jina linapokuwa zito. Huko Moscow, Grigory Landsberg na Leonid Mandelstam walikuwa wameona jambo lilelile katika fuwele za kwatzi, na kwa ushahidi uliopo waliliona tarehe 21 Februari, wiki moja kabla ya siku maarufu ya Calcutta. Lakini wao walichelewa kuchapisha. Warusi wengi waliendelea kuliita jambo hilo kwa jina refu la kimaelezo, wakikwepa jina la Raman. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1930 ilimwendea Raman peke yake, akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kuipata katika sayansi. Yasemekana alikuwa na uhakika kiasi cha kukata tikiti za meli kabla ya matokeo kutangazwa.

Je, Krishnan alidhulumiwa? Katika mhadhara wake wa Stockholm Raman aliwataja Ramanathan, Venkateswaran na Krishnan, kila mmoja kwa mchango wake, na ni kweli kwamba swali, subira ya miaka saba na dhana ya kulinganisha na kazi ya Compton vilikuwa vyake. Ni kweli vilevile kwamba macho na mikono iliyokesha mwezi ule wa Februari ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Krishnan. Tuzo ingeweza kugawanywa, kama zilivyogawanywa nyingine nyingi kabla na baada yake. Krishnan alikwenda njia yake, akapata sifa katika utafiti wa sumaku za fuwele, na India ilipojitawala aliongoza Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Delhi hadi alipofariki mwaka 1961. Ashutosh Dey, aliyefungua mlango, hatajwi kabisa katika vitabu vya kiada.

Mwaka 1933 Raman aliondoka Calcutta kuwa Mhindi wa kwanza kuongoza Taasisi ya Sayansi ya India iliyoko Bangalore. Miaka hii haisomeki kwa raha. Mwaka huohuo Kamala Bhagvat, ambaye baadaye alijulikana kama Kamala Sohonie, aliomba nafasi ya utafiti akiwa amefaulu vizuri kuliko wenzake, akakataliwa kwa sababu ni mwanamke. Hakuondoka. Alidai kuelezwa sababu, akashinikiza, na hatimaye Raman akamkubali kwa masharti ya majaribio ambayo mwanamume hakuwekewa. Mnamo 1939 alipata shahada ya uzamifu Cambridge. Baada yake wanawake waliingia, na katika maabara ya Raman mwenyewe alifanya kazi Anna Mani, aliyechunguza mng'ao wa almasi na baadaye akawa mtaalamu mashuhuri wa vipimo vya hali ya hewa. Kwa hiyo Raman alibadilika. Lakini alibadilishwa na msichana aliyekataa kubanduka mlangoni, jambo ambalo mgeni wa zamani wa Bow Bazar Street angepaswa kulielewa mapema zaidi.

Uongozi wake nao ulikuwa wa matata. Aliielekeza fedha ya taasisi kwenye fizikia, akamwalika Max Born aliyekimbia utawala wa Hitler, na akawachosha wenzake kwa amri. Mwaka 1937 alilazimika kuacha ukurugenzi, akabaki profesa hadi 1948. Baadaye aligombana na Born huyohuyo juu ya nadharia ya mitetemo ya fuwele, na katika ugomvi huo wanafizikia waliona kuwa Raman ndiye aliyekosea. Hakukiri. Lakini chuo cha wanasayansi alichokianzisha mwaka 1934, Indian Academy of Sciences, kilidumu, na katika ardhi aliyopewa na Maharaja wa Mysore alijenga Raman Research Institute, ambamo aliingia baada ya kustaafu. Aliiendesha kwa michango na kwa mali yake, akikataa fedha za serikali kwa kuwa hakutaka mtu wa kumpelekea ripoti.

Wakati huo ugunduzi wake wenyewe ulikuwa umeanza kupoa. Nuru ile mpya ilikuwa hafifu mno. Kupata picha ya kiowevu kimoja kuliweza kuchukua saa nyingi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wanakemia walipata mbinu nyepesi zaidi. Kilichoufufua ni leza, iliyowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Mwaka 1962, huko California, E. J. Woodbury na W. K. Ng waliweka kiowevu cha nitrobenzini ndani ya leza ya yakuti kwa kazi nyingine kabisa, wakashangaa kuona kwamba pamoja na nuru nyekundu ya nanomita 694 ilikuwa ikitoka nuru kali ya takriban nanomita 766, isiyoonekana kwa macho. Tofauti ya nuru hizo mbili ililingana na mtetemo wa molekuli ya nitrobenzini. Ulikuwa mtawanyiko wa Raman, ila sasa si hafifu tena.

Tofauti hii yahitaji kuelezwa. Katika chupa ya Calcutta, nuru iliyoingizwa ikiongezwa mara mbili, mng'ao mpya nao uliongezeka mara mbili, basi. Leza ikiwa kali vya kutosha, uwiano huo huvunjika. Nuru mpya iliyokwisha kuzaliwa huzishurutisha molekuli nyingine kutoa nuru kama yenyewe, na kila inayozaliwa huzaa, hata sehemu kubwa ya nuru iliyoingia ikageuka rangi. Kiowevu hakiipokei tena nuru kimyakimya, hushiriki kuitengeneza. Wanafizikia huuita uwanja huu kwa jina linalomaanisha kutofuata mstari ulionyooka. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilitupatia msingi mzuri wa istilahi, lakini uwanja huu ungali unasubiri waundaji wa istilahi.

Tatizo lililobaki lilikuwa la mahali. Nuru ya leza ikikusanywa kwa lenzi ndani ya chupa, huwa kali katika umbali mfupi sana, kisha hutawanyika. Mwezi Aprili 1970, Erich Ippen wa Bell Telephone Laboratories nchini Marekani alichapisha njia ya kulitatua: alichukua mrija wa kioo mwembamba, akaujaza kaboni disulfidi, akaielekeza leza ndani yake. Kaboni disulfidi ni kiowevu chenye sumu na uvundo, lakini kina uwezo wa kupinda nuru kuliko kioo. Kwa sababu hiyo nuru iliyomo ndani ikigusa ukuta wa mrija hurudishwa ndani, tena na tena, urefu wote wa mrija. Maji yasingefaa, kwa kuwa hupinda nuru kidogo kuliko kioo, nayo ingetoroka. Ndani ya uzi huo wa kiowevu nuru ilibaki imebanwa njia nzima, na leza ya nguvu ndogo tu ikatosha kuzalisha rangi mpya.

Viowevu havikutawala kwa muda mrefu. Mwaka huohuo wa 1970 kampuni ya Corning ilipata nyuzi za kioo kitupu zinazopitisha nuru mbali, na hizo ndizo zilizoshinda. Mikongo ya baharini iliyofika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, ni ya kioo kitupu, na ndivyo zilivyo faiba zilizofukiwa kando ya barabara za Westlands, Kileleshwa na Lavington, ambako wakazi walivumilia mitaro iliyochimbwa, ikafukiwa, ikachimbwa tena. Hata humo Raman yumo: katika nyuzi ndefu mtawanyiko wake huweza kuiba nishati ya ishara moja na kuipa nyingine, na wahandisi wamejifunza kuutumia wizi huo kuzipa nguvu ishara zilizofifia njiani. Viowevu navyo havikusahauliwa. Mnamo 2017 watafiti wa Jena, Ujerumani, walirudi kwenye kaboni disulfidi ndani ya nyuzi za kioo, wakaingiza mipigo mifupi mno ya leza na kupata upana mkubwa wa rangi katika eneo la infraredi. Walichokitafuta ni tabia ambayo kioo hakina: molekuli za kiowevu huchelewa kidogo kujigeuza zipigwapo na nuru, na kuchelewa huko huathiri jinsi rangi zinavyozaliwa.

Mwaka 1970 ndio pia ambao chuo kile alichokuja kukizuru Radhakrishnan kilipata hadhi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Raman alikuwa na miaka 81, bado akiingia maabara. Mwishoni mwa Oktoba alianguka akiwa kazini. Madaktari walimpeleka hospitali na kumtaka akae. Alikataa, akaomba arudishwe kwenye bustani ya taasisi yake, miongoni mwa maua ambayo katika miaka yake ya mwisho alikuwa akiyachunguza rangi zake. Alifariki huko tarehe 21 Novemba 1970. Alikuwa ameagiza pasiwe na ibada wala mnara. Mwili ulichomwa katika bustani hiyohiyo, na mahali pake ukapandwa mti.